Mkubwa Kwenye Karatasi

Kampuni zilikuwa mbili, na mimi nikachagua isiyonifaa, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa nyumbani hupenda kusimulia kana kwamba ni bahati mbaya iliyonidondokea kutoka mbinguni. Hapana. Nilivutiwa kiti, nikapewa kalamu, nikasaini.

Ilikuwa kwenye ukumbi wa mikutano wa hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Nchi ile ya ugenini ilikuwa imeishiwa marubani wa safari fupi, zile ndege za kuchukua abiria kwenye miji ya pembeni na kuwapeleka kwenye viwanja vikubwa, kwa hiyo ikawa inaita wageni. Tulifika kama sitini, kila mmoja amekumbatia bahasha ya vyeti kifuani kama mgonjwa na picha zake za eksirei. Meza zilikuwa mbili, kampuni mbili.

Meza ya kwanza ilikuwa ya kampuni ya ndege za pangaboi, viti hamsini, kituo chake mji wa baridi ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Mwanamke wa makamo aliyekaa pale alipekua kitabu changu cha safari, akahesabu saa zangu za kuruka: elfu nne na ushee, nyingi nikiwa nahodha, nikitua kwenye viwanja vya vumbi ambako lazima upite chini mara moja kufukuza mbuzi. Akaniambia, "Darasa letu linaanza baada ya wiki mbili. Wewe njoo." Nikamwonyesha mdogo wangu aliyesimama nyuma yangu. Akakitazama kitabu chake, akakifunga polepole. "Huyu arudi akifikisha saa elfu mbili."

Mdogo wangu alikuwa na elfu moja na mia sita. Mia tatu za kwanza nilikaa naye mimi, bega kwa bega, nikimchapa mkono kila alipovuta usukani kwa pupa. Mama humwita Baba, kwa kuwa alipewa jina la babu yetu mzaa mama, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na baba aliyegaragara chini akinyimwa sukari. Tuko wawili tu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni.

Meza ya pili ilikuwa ya kampuni ya jeti, viti sabini, mji mkubwa, darasa linaanza baada ya wiki saba. Wao walitaka saa elfu moja na mia tano tu. "Wote wawili karibuni," alisema kijana wa pale, meno nje.

Nikampigia mama. Nilimpigia ili nisikie nilichotaka kusikia, na nikakisikia. "Mmetoka wawili, kaeni wawili," alisema. "Usije ukamwacha mwenzio njiani, watu wakatucheka." Mume wangu, ambaye ni muuguzi wa wodi ya watoto na haongei sana, aliuliza swali moja: "Ile ya kwanza si inakutaka wewe mwenyewe?" Nikamjibu kwamba jeti ni jeti. Uongo mtupu. Ndege yenye pangaboi ningeiendesha hata usingizini. Nilichagua kwa ajili ya mdogo wangu, na nilijisikia mtu mwema sana siku ile, wema wa kuvimba kichwa.

Niliuliza kuhusu viwanja, likizo, bima ya matibabu. Sikuuliza kitu kimoja ambacho rubani yeyote mwenye akili angeanza nacho: watu wa darasa moja mnawapangaje kwenye orodha?

Maana katika kampuni zile namba ndiyo mtu. Siku unayoanza darasa unapewa namba, na namba hiyo ndiyo inayoamua utaruka njia gani, utapumzika lini, utakuwa nahodha mwaka gani, na kukiwa na shida nani atatangulia kutoka. Hata uwe na saa elfu ishirini na umetua kwenye dhoruba ukiwa na injini moja, mtoto aliyeingia siku moja tu kabla yako yuko juu yako. Na mkianza siku moja, pale kwa watu wa jeti, aliyezaliwa kwanza ndiye anayetangulia. Kwa wale wa pangaboi, nilikuja kuambiwa baadaye, walitazama saa za kuruka.

Sasa hapa ndipo ilipo aibu ya nyumba yetu. Nilipotaka kwenda chuo cha urubani nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ufadhili ulikuwa wa watu wasiozidi ishirini na moja. Mama alikuwa karani wa shule. Alikuwa na mihuri, alikuwa na marafiki wenye mihuri, na kwa wiki moja akanipunguzia miaka mitatu. Hakuna aliyeshangaa. Nusu ya watu niliosoma nao walikuwa wamepunguzwa, na wengine walikuwa na ndevu. Ila hakuna aliyepiga hesabu kwamba mdogo wangu, niliyemtangulia miaka miwili, alibaki na miaka yake halali. Kwa hiyo tangu siku hiyo, kwenye karatasi, yeye ndiye mkubwa wangu kwa mwaka mmoja.

Siku ya kwanza ya darasa mkufunzi alisoma majina na tarehe za kuzaliwa. Mdogo wangu akapewa mia sita na kumi na moja. Mimi mia sita na kumi na mbili. Darasa zima halikuelewa kwa nini tunaangua kicheko kiasi kile. Siku nzima aliniita "mdogo wangu", akanituma maji ya kunywa, nikamletea na kupiga goti. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nikikumbuka kicheko kile sasa natamani kujizaba kofi.

Tulipanga nyumba ya vyumba viwili juu ya duka la dobi. Sakafu ilikuwa na joto mwaka mzima kwa ajili ya mashine za chini, na sare zetu zilinuka sabuni ya watu wengine. Yeye alipiga pasi mashati yote, yangu na yake, kwa sababu mimi nachoma kola. Mimi nilipika. Asubuhi za zamu ya mapema tulitoka pamoja kwa miguu, mabegi yakikwaruza lami, tukibishana kuhusu nani ametua vibaya zaidi wiki ile. Nasema haya ili isije ikadhaniwa kwamba nilimchukia. Sikumchukia hata siku moja.

Sheria ya pale ilikuwa kwamba mgeni akitimiza mwaka mmoja kazini, familia yake inapewa kibali. Binti yangu alikuwa na miaka mitano nilipoondoka. Kwenye simu alikuwa ameshaanza kunijibu kama mtu anavyomjibu shangazi wa mbali: nzuri, ndiyo, sawa. Nilikuwa nahesabu miezi. Mwezi wa kumi mume wangu akaandika barua ya kuacha kazi wodini, akawapa notisi ya miezi miwili. Mwezi wa kumi na moja unga ukamwagika.

Shirika kubwa lililokuwa likitukodi lilichukua njia zake na kuipa kampuni nyingine. Ndege tisa zikaegeshwa pembeni ya uwanja, injini zimefunikwa turubai jekundu. Jumatatu tangazo likabandikwa kwenye chumba cha marubani, na watu wakalisoma kwa vidole, kama matokeo ya mtihani. Watapunguzwa wote kuanzia namba mia sita na kumi na mbili kwenda chini.

Nililisoma mara tatu. Mstari ulikuwa umepita katikati yetu, kati ya bega lake na bega langu.

Kwa mwenyeji, kupunguzwa ni kwenda kukaa nyumbani na kusubiri kuitwa tena. Kwa mgeni, kibali ni cha kampuni, kazi ikiisha una siku sitini za kufunga virago. Mume wangu asingekuja, mtoto asingekuja, na kazi ya wodini ilikuwa imeshapewa mtu.

Chini ya tangazo kulikuwa na aya moja ndogo. Mwenye namba ya juu ya mstari akijitolea kuondoka, mstari unashuka nafasi moja, na wa kwanza chini yake anabaki. Lakini anayejitolea anapoteza namba yake moja kwa moja. Mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa, saa sita mchana. Nani angejitolea? Waliokuwa juu yangu walikuwa na nyumba, wake, waume, watoto shuleni. Mwenye kitanda na begi tu alikuwa mmoja.

Mwakilishi wa chama cha marubani aliniuliza kama kuna kosa lolote kwenye taarifa zangu, maana wengine walikuwa wakitafuta hata makosa ya herufi ili wapande. Nikamwambia hakuna. Ningesema nini? Leseni, pasipoti, cheti cha daktari, vyote vina tarehe ya mama. Kusema ukweli kungenipandisha nafasi moja kwenye orodha na kunishusha mahakamani.

Jumanne asubuhi nilimkuta mdogo wangu jikoni, amesimama anakunywa chai. Sikuzunguka mbuyu.

"Umeliona tangazo."

"Nimeliona, dada."

"Nakuomba ujitolee."

Aliweka kikombe chini kwa uangalifu kama kimejaa, na kilikuwa kitupu. "Dada, wewe ukirudi nyumbani, wiki hiyo hiyo unapewa ndege. Kila mtu anakujua. Mimi nikirudi naenda kupanga foleni na watoto waliomaliza chuo jana."

"Mimi nina mtoto."

"Na mimi siku moja nitataka kuwa na wangu," akasema. "Atakuwa naye vipi mtu asiye na kitu?"

Lililonichoma ni kwamba hakuwa akisema upuuzi. Ningekuwa yeye, labda ningesema hayo hayo. Nikamkumbusha meza ya kwanza, wiki mbili, njoo wewe. Akainamisha kichwa. "Sikukuomba uiache," akasema kwa sauti ndogo. Na hilo nalo lilikuwa kweli, hakuniomba. Akasema nimpe siku mbili afikirie.

Siku mbili hizo alizitumia kumpigia mama. Jumatano simu yangu ikalia.

"Nasikia unataka kumtilia mwenzio mchanga kwenye kitumbua," mama alianza, hata salamu hakuna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa, mwanangu. Mkubwa ni jalala, kila takataka inatupwa kwake na halilalamiki. Vumilia. Utapata kwingine."

"Mama, uliyenipunguzia miaka ni wewe. Huku mkubwa ni huyo Baba yako. Mwambie yeye awe jalala."

Nilisikia redio yake kwa mbali, mtu anasoma matangazo ya vifo. Kisha akasema, "Karatasi ni karatasi, tumbo ni tumbo. Tumbo langu linajua nani alitangulia." Akaniambia nisimsumbue tena mtoto.

Mtoto mwenyewe ana miaka thelathini na sita, na wakati wa baridi anajipaka mafuta ya kuzuia mba.

Alhamisi hatukusemeshana. Alipiga pasi shati lake peke yake. Langu nikalikuta kwenye kiti, limekunjwa, halijapigwa pasi, na nikaelewa kwamba nimeshajibiwa. Nilimwandikia mume wangu ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena, nikaufuta. Niliogopa kumwambia kwa sababu nilijua asingenilaumu, na mtu asipokulaumu unabaki na lawama zote mwenyewe.

Ijumaa alikuwa na safari ya saa mbili asubuhi. Nilikuwa sebuleni nimevaa kanga juu ya sweta, sina zamu. Akatoka chumbani na sare yake kamili, kofia kwapani, mkononi ana karatasi. Akaiweka mezani mbele yangu na kuilainisha kwa kiganja. Ilikuwa fomu ya kujitolea. Jina lake, namba yake, saini yake, ile yenye mkia mrefu.

"Nimesaini, dada," alisema. "Ila miguu ya kuipeleka sina. Ukiona ni haki, ipeleke wewe. Narudi saa nane."

Akanibusu paji la uso, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuzaliwe, akaondoka na begi lake.

Niliitazama fomu ile muda mrefu. Moyo wangu ulitaka kulainika, na kweli ulilainika kwa dakika kama kumi. Nililia hata. Kisha nikaacha kulia, kwa sababu namjua yule mtu. Tulipokuwa wadogo kipande kikubwa cha nyama kikibaki sahanini, alikuwa akikisukuma kwangu na kusema, "Chukua wewe dada," kwa sauti ya kutosha mama asikie jikoni. Mimi nasema, "Kula tu." Anakula. Mama anakuja anampapasa kichwa: ona alivyo na moyo, kamkaribisha dada yake. Miaka yote ile sikuwahi kunyoosha mkono. Yeye alikula nyama na sifa juu yake, mimi nikaambulia kuitwa mkubwa.

Na sasa alikuwa amenisukumia sahani tena, akapanda angani ambako simu haishiki. Saa sita ikipita na fomu ipo mezani, atabaki na kazi, na jioni atampigia mama: nilisaini, mama, dada mwenyewe kakataa. Wangempapasa kichwa hadi kipara.

Lakini alikosea jambo moja, na ni kosa la watu wa kazi yetu. Sisi saa za ofisi huwa tuko angani. Karatasi zetu hupelekwa na wenzetu, fomu za likizo, za bima, za sare, kila siku, na hakuna anayeuliza mwenyewe yuko wapi. Kwa karani wa orodha, saini ya rubani ikifika mezani, rubani amefika.

Nilivaa. Nilitembea, sikupanda gari, ili nijipe nafasi ya kubadili mawazo. Nilipita duka la viatu, nikapita shule ya chekechea ambayo nilikuwa nimeshamwandikisha binti yangu kwa mdomo, watoto wamepanga mstari wakishikana mikono. Sikubadili mawazo. Kwa kweli kila hatua niliona hasira inanikaa vizuri zaidi, kama kiatu kinachozoea mguu.

Karani wa orodha alikuwa mama mwenye miwani ya kamba. Alilinganisha saini na ile ya kwenye faili. "Huyu si kaka yako?"

"Ni mdogo wangu."

Akatazama tarehe kwenye faili, akanitazama mimi, akaamua si kazi yake. "Yuko wapi?"

"Kazini. Ameniambia niilete."

"Amefikiria vizuri? Nikigonga muhuri, namba imekufa."

Nilikuwa na nafasi pale. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini. Ningeweza kusema, hebu nisubiri, nimpigie akitua.

"Amefikiria," nikasema.

Akagonga muhuri.

Saa nane na nusu nilikuwa chumba cha marubani. Sikutaka aambiwe na mwingine. Aliingia na simu mkononi, akiitazama, maana ratiba yake ya mwezi ujao ilikuwa nyeupe tupu. Watu watatu waliokuwa wakinywa kahawa walituangalia usoni, wakakumbuka wana shughuli nje.

"Dada, uliipeleka?"

"Niliipeleka."

"Kweli uliipeleka?"

"Ulisema nikiona ni haki."

Alikaa kwenye mkono wa kochi, kofia ikamtoka, hakuiokota. Uso wake ulikuwa ule wa sakafuni, wa kunyimwa sukari. "Nilidhani utaichana," alisema.

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana niliipeleka."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliokota kofia yake, akaifuta vumbi, akasema, "Mama hatakusamehe." Nikasema hilo nalo nalijua.

Alikaa nami siku thelathini na tisa zaidi, chumba cha pili, mlango umefungwa. Tulisalimiana. Siku ya mwisho nilimbebea begi moja hadi chini, mbele ya duka la dobi, akalichukua mkononi mwangu bila kugusa vidole vyangu. Nyumbani, nasikia, anafundisha wanafunzi kwenye ndege ya viti viwili, na kila anayemuuliza anaambiwa alijitolea kwa ajili ya dada yake. Mama amelifanya hadithi ya msibani na harusini. Na ni kweli, alijitolea, saini yake ipo.

Mume wangu na binti yangu walifika mwezi uliofuata. Mume wangu aliuliza mara moja tu, nikamweleza yote bila kuficha, akasema, "Mimi ningeichana." Akaenda kuoga. Hajalirudia tena, wala sijui kama lile lilikuwa lawama au sifa. Binti yangu tumempa chumba cha pili. Anapenda joto la sakafu, analala chini na mto.

Jumapili yeye humpigia bibi yake. Wanaongea muda mrefu, wanacheka, anamwimbia nyimbo za shuleni, anamwambia kuhusu jino linalotikisika. Mimi hukaa mlangoni nikikunja nguo, nikisubiri. Wiki iliyopita nilimsikia akisema, "Bibi, mama yupo hapa, nikupe?" Akasikiliza kidogo. Kisha akashusha simu, akaitazama, akaiweka chini ya mto.

"Bibi anakusalimia sana," aliniambia, macho yake kwenye sakafu. Ana miaka sita, bado hajajua kusema uongo vizuri.